Prandtl: Mhandisi aliyefumbua siri ya upepo lakini akayumba mbele ya dhuluma

JINA la Ludwig Prandtl si geni kwa yeyote aliyepitia madarasa ya uhandisi. Mwanafunzi wa ujenzi hukutana nalo anapopiga hesabu za msingi wa nyumba. Mwenzake wa mitambo hulikuta katika masomo ya joto na mabomba, naye anayesomea uundaji wa ndege hawezi kulikwepa hata akitaka.

Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu maisha ya Mjerumani huyu aliyefariki mnamo 1953. Alianza utafiti wake wa shahada ya uzamifu kwa kuchunguza jinsi boriti inavyopinda, akaishia kuwafundisha walimwengu jinsi hewa na maji yanavyopita kando ya vitu. Mikononi mwake walipitia makumi ya vijana waliosaka shahada hiyo hiyo, na baadhi yao wakawa mashuhuri kumliko hata yeye.

Isitoshe, maisha yake yana upande ambao vitabu vya hesabu haviutaji. Ni kisa cha msomi mwadilifu katika kazi yake ambaye, nchi yake ilipoangukia mikononi mwa watawala dhalimu, alishindwa kuona kwa uwazi kile ambacho wanafunzi wake mwenyewe walikuwa wakikikimbia.

Mtoto wa pekee

Prandtl alizaliwa Februari 4, 1875 katika mji wa Freising, karibu na Munich, jimbo la Bavaria. Babake, Alexander Prandtl, alikuwa profesa wa uhandisi katika chuo cha kilimo. Mamake, Magdalene, aliugua kwa muda mrefu, hali iliyomfanya mtoto huyo kukulia zaidi karibu na babake.

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzee Alexander alimzoeza mwanawe kutazama mambo ya kawaida yaliyomzunguka na kujiuliza chanzo chake. Tabia hiyo ya kutazama kwanza, kisha kuandika hesabu baadaye, haikumtoka Prandtl hadi alipoingia kaburini.

Mnamo 1894 alijiunga na Chuo cha Ufundi cha Munich kusomea uhandisi. Huko aliangukia mikononi mwa August Föppl, mmoja wa walimu wakuu wa mekanika nchini Ujerumani wakati huo. Alipohitimu mnamo 1898, Föppl alimchukua awe msaidizi wake, na hapo ndipo safari yake ya utafiti ilipong'oa nanga.

Boriti iliyomzalia shahada

Swali aliloshika Prandtl kwa ajili ya shahada ya uzamifu lilikuwa la vitu vigumu, si vya majimaji. Chukua rula nyembamba uisimamishe kwa ubavu wake, kisha uibebeshe mzigo. Mwanzoni itastahimili vizuri. Lakini mzigo ukifikia kiwango fulani, rula haitavunjika wala kupinda kuelekea chini, bali itaponyoka ghafla upande mmoja na kujisokota.

Kwa wajenzi wa madaraja na majumba ya chuma, hiyo haikuwa michezo ya watoto. Boriti nyembamba yenye kimo kirefu huokoa chuma na fedha, lakini huweza kuanguka kabla ya chuma chenyewe kulemewa. Aliyetaka kujenga salama alihitaji kujua kiwango hicho cha mzigo kabla ya kuupandisha.

Prandtl alilipatia swali hilo jibu la kihesabu, akalithibitisha kwa majaribio. Kwa sadfa, mhandisi A. G. M. Michell wa Australia alichapisha utatuzi wa tatizo lilo hilo mnamo 1899, bila yeyote kati yao kujua mwenzake anafanya nini upande wa pili wa dunia.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Wakati huo Chuo cha Ufundi cha Munich hakikuwa na mamlaka ya kutoa shahada ya uzamifu. Vyuo vikuu vya kale viliwaona wahandisi kama mafundi tu, wala si wasomi kamili. Ikambidi Prandtl kuipeleka tasnifu yake Chuo Kikuu cha Munich, ambacho kilimtunuku shahada hiyo mnamo 1900. Tasnifu hiyo haikutaja upepo wala maji hata kidogo.

Maranda kiwandani

Baada ya kupata shahada, Prandtl hakukimbilia chuoni. Alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha mashine cha MAN mjini Nuremberg. Miongoni mwa majukumu aliyopewa ni kurekebisha mtambo wa kufyonza maranda na vumbi la mbao kutoka katika karakana.

Kazi hiyo ambayo wengine wangeidharau ndiyo iliyoyageuza maisha yake. Katika mtambo huo kulikuwa na bomba lililotanuka taratibu. Kwa mujibu wa nadharia iliyofundishwa vyuoni, hewa ikipita katika bomba la aina hiyo inapaswa kupunguza kasi na kurejesha shinikizo lake. Prandtl alipopima, shinikizo halikurejea kama lilivyotarajiwa. Hewa ilikuwa imebanduka kutoka kwenye kuta za bomba, ikaacha nyuma yake vurugu ya mizunguko isiyo na faida.

Aliuunda upya mtambo huo ukafanya kazi vizuri. Hata hivyo, swali lilimganda: kwa nini hewa ibanduke ukutani? Mnamo 1901, akiwa na umri wa miaka 26, aliteuliwa kuwa profesa wa mekanika katika Chuo cha Ufundi cha Hannover, naye akaenda na swali lake.

Fumbo la miaka 150

Ili kuelewa uzito wa alichokitafuta, ni sharti kurudi nyuma hadi 1752. Mwaka huo Mfaransa Jean le Rond d'Alembert alionyesha kwa hesabu kwamba kitu kinachopita ndani ya umajimaji usio na mnato hakipati ukinzani wowote. Kwa maneno mengine, mashua isingehitaji kupigwa makasia wala ndege kukabiliana na upepo. Kila mvuvi alijua kwamba hilo si kweli.

Mnato ni ile tabia ya majimaji kung'ang'aniana. Asali ina mnato mwingi, maji yana kidogo, na hewa ina kidogo zaidi. Katika karne ya 19, Mfaransa Claude-Louis Navier na mwenzake wa Uingereza, George Gabriel Stokes, walitunga milinganyo iliyoujumuisha mnato. Tatizo ni kwamba milinganyo hiyo ilikuwa migumu kupindukia, na isipokuwa kwa hali chache rahisi, hakuna aliyeweza kuitatua.

Matokeo yake yalikuwa mgawanyiko wa kusikitisha. Wanahisabati waliandika nadharia za kupendeza zisizolingana na maji halisi, huku wahandisi wa mifereji na mabomba wakitegemea vipimo na makisio yasiyokuwa na nadharia. Pande hizi mbili hazikuwa na lugha moja.

Prandtl alijenga huko Hannover mfereji mdogo wa maji uliozungushwa kwa mkono. Ndani ya maji alinyunyiza chembechembe za madini zinazometa, ili macho yaone njia ambayo kila tone linapita. Aliweka humo vizuizi vya maumbo mbalimbali, akatazama kwa utulivu, na kupiga picha.

Alichokiona ni kwamba mnato, ingawa ni mdogo, hauwezi kupuuzwa mahali pamoja: kando kabisa ya kitu. Maji yaliyogusana na ukuta hayasogei hata kidogo. Hatua ndogo tu kutoka hapo, yanakwenda kwa kasi kamili. Kati ya kusimama na kasi hiyo kuna tabaka jembamba sana, na humo ndimo ukinzani wote wa msuguano unamozaliwa. Nje ya tabaka hilo, nadharia ya zamani isiyo na mnato inafanya kazi barabara.

Mfano unaweza kutoa mwanga. Upepo unaokwenda kasi ya mita 10 kwa sekunde ukipita juu ya ubao laini wenye urefu wa mita moja, tabaka hilo, likiwa tulivu, hufikia unene wa takribani milimita sita tu mwishoni mwa ubao. Katika milimita hizo sita ndimo lilimojificha fumbo lililowashinda wataalamu kwa karne moja na nusu.

Dakika 10 za Heidelberg

Mnamo Agosti 1904, kongamano la tatu la kimataifa la wanahisabati lilifanyika mjini Heidelberg. Prandtl, wakati huo akiwa na umri wa miaka 29, alipewa dakika 10 pekee kuwasilisha matokeo yake. Andiko lake lililochapishwa mwaka uliofuata lilikuwa na kurasa nane tu.

Katika kurasa hizo alieleza tabaka la mpakani, akaonyesha jinsi milinganyo ya Navier na Stokes inavyorahisika ndani yake, na akafafanua kinachofanya mkondo kubanduka. Shinikizo likiongezeka kuelekea mbele, chembe zilizochoka ndani ya tabaka hilo hukosa nguvu za kusonga, husimama, kisha hurudi nyuma, na mkondo mzima husukumwa mbali na ukuta. Hilo ndilo lililokuwa likitokea katika bomba la maranda kule Nuremberg.

Wengi wa waliohudhuria hawakutambua walichokisikia. Lakini Felix Klein, mwanahisabati mkuu wa Chuo Kikuu cha Göttingen, alitambua. Klein alikuwa na ndoto ya kuunganisha hisabati na uhandisi, naye akamwalika Prandtl Göttingen mwaka huo huo.

Kukubali mwaliko huo kulihitaji unyenyekevu, kwa sababu cheo alichopewa Göttingen kilikuwa chini ya kile alichokuwa nacho Hannover. Prandtl alikwenda, na mji huo mdogo ukawa makao yake kwa karibu nusu karne, hadi kifo chake.

Mnamo 1909 alimwoa Gertrud, binti mkubwa wa mwalimu wake Föppl. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kuposa alisahau kutaja ni binti yupi aliyemtaka, ikabidi familia imwamulie. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, kisa hicho kinaafiki sifa yake ya kuwa mtu asiyejua hila za dunia. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwalimu wa watafiti

Pengine mchango mkubwa zaidi wa Prandtl ulikuwa ni namna alivyowalea watafiti wa uzamifu. Aliwapa swali finyu, linaloweza kupimwa na kuhesabiwa, lakini lenye mlango wa kuingilia ukumbi mpana.

Mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa Heinrich Blasius. Tasnifu yake ya 1907 ilitatua milinganyo ya tabaka la mpakani kwa ubao bapa, na matokeo yake yangali katika kila kitabu cha somo hilo. Mwaka uliofuata Theodor Meyer alieleza jinsi hewa inayokwenda kasi kuliko sauti inavyotanuka inapopinda kona. Wakati huo hakuna ndege iliyokaribia kasi ya namna hiyo. Utafiti huo ulikuja kupata kazi miaka mingi baadaye.

Mwingine alikuwa Theodore von Kármán, Myahudi kutoka Hungaria aliyewasili Göttingen mnamo 1906. Kama mwalimu wake, Kármán alipata shahada yake mnamo 1908 kwa kuchunguza vitu vigumu, yaani nguzo zinavyopinda chini ya mzigo, kisha akahamia kwenye mikondo.

Kisa cha kuhama kwake kinafunza. Mtafiti mmoja, Karl Hiemenz, alitakiwa na Prandtl kupima shinikizo la maji kuzunguka nguzo ya mviringo. Kila alipojaribu, maji yaliyokuwa nyuma ya nguzo yaliyumbayumba. Prandtl alimweleza kwamba nguzo haikuwa ya mviringo kamili. Hiemenz akaisugua upya, lakini maji yakazidi kuyumba. Akaambiwa mfereji haukunyooka sawasawa, akaurekebisha, na bado maji yakayumba.

Kármán, aliyekuwa akipita kila asubuhi na kuuliza hali ya maji, alianza kushuku kwamba kosa halikuwa la fundi bali ni maumbile yenyewe. Alipiga hesabu na kuonyesha kwamba mizunguko ya maji hubanduka kwa zamu, kushoto kisha kulia, na kupangika safu mbili kama taa za barabarani. Matokeo hayo, yaliyochapishwa kuanzia 1911, ndiyo yaliyobeba jina la Kármán tangu hapo. Prandtl hakumwonea gere mwanafunzi wake, bali aliendelea kushindana naye kirafiki kwa miaka mingi.

Prandtl mwenyewe hakuuacha uwanja wake wa kwanza. Mnamo 1903 alikuwa ameonyesha kwamba utando wa sabuni uliotandazwa juu ya tundu unaweza kufichua mkazo ulio ndani ya chuma kinachosokotwa. Mnamo 1920 alihesabu nguvu inayohitajika kukididimiza kitu kigumu ndani ya kitu kinachofinyangika. Kutokana na hesabu hiyo wahandisi wa udongo walipata njia ya kukadiria uzito ambao udongo wa mfinyanzi unaweza kuubeba chini ya msingi wa jengo.

Kutoka mpira hadi mabawa

Kati ya 1907 na 1908, Prandtl alijenga handaki la upepo lililowezesha vielelezo vya merikebu za angani kupimwa ndani ya nyumba. Hewa ilizungushwa na kurudi ilikotoka, mtindo ulioigwa baadaye kote duniani.

Mnamo 1912 kulizuka utata. Gustave Eiffel, yule Mfaransa aliyejenga mnara maarufu wa Paris, alipima ukinzani wa hewa dhidi ya tufe na kupata kiasi kisichofikia nusu ya kile kilichopatikana Göttingen. Ilidhaniwa kwamba mmoja wao amekosea. Prandtl aligundua kwamba wote walikuwa sahihi. Tabaka la mpakani likiwa na msukosuko hung'ang'ania tufe kwa muda mrefu zaidi kabla ya kubanduka, na hivyo ukinzani hupungua. Mnamo 1914 alithibitisha hilo kwa kulifunga tufe waya mwembamba ili kulisukasuka tabaka hilo, na ukinzani ukashuka papo hapo. Hiyo ndiyo sababu mpira wa gofu wenye vishimo huenda mbali kuliko ulio laini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, serikali ilifadhili handaki kubwa zaidi lililoanza kazi mnamo 1917. Mwaka wa 1918 na 1919 alichapisha nadharia ya bawa, iliyomwezesha mhandisi kukokotoa nguvu ya kuinua ndege pamoja na gharama ya kuipata. Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa ametangulia kuwaza mambo yanayokaribiana na hayo, lakini ni Prandtl aliyeyapa sura ya hesabu inayotumika mezani.

Mwanafunzi wake mwingine, Albert Betz, aliitumia elimu hiyo kueleza kwamba tabo la upepo haliwezi kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu za upepo unaolipitia. Kanuni hiyo haibagui mahali. Mitambo 365 iliyosimikwa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, ambayo ilianza kuingiza umeme wake katika gridi ya Kenya mnamo 2018, imewekewa mpaka na kanuni iyo hiyo iliyoandikwa Göttingen karne moja iliyopita.

Mnamo 1925 Prandtl alipewa taasisi yake mwenyewe ya utafiti wa mikondo. Mwaka huo huo alitoa njia ya kukadiria msukosuko wa maji na hewa, jambo ambalo hadi leo halijapata utatuzi kamili.

Mtihani wa 1933

Mtihani mgumu zaidi haukutoka maabarani. Adolf Hitler alipotwaa madaraka mnamo Januari 1933, Chuo Kikuu cha Göttingen kilipoteza walimu wake bora katika kipindi cha miezi michache. Max Born, Richard Courant na Emmy Noether walifukuzwa au kulazimika kuondoka kwa sababu ya asili yao ya Kiyahudi. Richard von Mises, aliyeshirikiana na Prandtl kuasisi chama cha wanahisabati wa matumizi mnamo 1922, alihamia Uturuki. Kármán alikuwa tayari Marekani tangu 1930, na hakuona sababu ya kurudi.

Prandtl hakujiunga na chama cha Nazi. Alijaribu kumtetea msaidizi wake Kurt Hohenemser, aliyeachishwa kazi kwa sababu ya asili yake, ingawa hakufaulu. Mnamo 1938 alimwandikia Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha kutisha cha SS, akimtetea mwanafizikia Werner Heisenberg aliyekuwa akiandamwa na wafuasi wa utawala huo. Hatua hiyo ilichangia kumnusuru Heisenberg, na haikukosa ujasiri.

Wakati huo huo, milango ya taasisi yake haikufungwa kabisa. Irmgard Flügge-Lotz, aliyerahisisha hesabu ya mabawa, alifanya kazi huko kuanzia 1929, na baadaye akawa profesa wa kwanza wa kike wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Lu Shijia, mwanamke kutoka China, alipata shahada ya uzamifu chini ya Prandtl katikati ya vita, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa mafunzo ya elimu ya hewa na ndege mjini Beijing.

Lakini mizani ina sahani mbili. Utawala wa Hitler ulitaka ndege, na fedha zilimiminika Göttingen kuliko wakati mwingine wowote. Prandtl alizipokea. Katika barua alizomwandikia msomi mwenzake wa Uingereza, G. I. Taylor, mnamo 1938 na 1939, aliitetea serikali yake na kulaumu mataifa mengine kwa hatari ya vita. Taylor, rafiki wa miaka mingi, alishangaa jinsi mtu mwenye akili nyingi kiasi hicho alivyoamini maneno ya watawala. Kuanzia 1942, Prandtl aliongoza baraza la utafiti wa anga chini ya wizara ya Hermann Göring.

Huenda alijidanganya kwamba sayansi ni kisiwa, kwamba anayehesabu mkondo wa hewa juu ya bawa hahusiki na bomu lililoning'inizwa chini ya bawa hilo. Wengi wa kizazi chake walijificha nyuma ya hoja hiyo.

Mwalimu mbele ya mwanafunzi

Mnamo 1945 majeshi ya washirika yaliingia Göttingen. Miongoni mwa waliofika kuwahoji wanasayansi wa Kijerumani alikuwa Kármán, sasa akiwa amevaa sare ya Marekani. Kabla ya hapo alikuwa amepitia Nordhausen na kujionea masalia ya kambi ambamo wafungwa walitumikishwa hadi kufa wakiunda maroketi.

Kármán alikuja kusimulia kwamba alimkuta mwalimu wake wa zamani akilalamikia paa la nyumba lililoharibiwa na bomu na kuuliza ni nani atakayefadhili utafiti wake. Yule mwanafunzi, aliyekuwa ametoka kuona maiti, alikosa la kusema. Aliendelea kuiheshimu akili ya Prandtl, lakini hakuacha kuuliza jinsi akili hiyo ilivyoweza kutazama kila kitu isipokuwa moshi uliokuwa mbele yake.

Prandtl alistaafu uongozi wa taasisi mnamo 1946, na katika miaka yake ya mwisho akavutiwa na maswali ya hali ya hewa. Aliaga dunia Agosti 15, 1953 mjini Göttingen, akiwa na umri wa miaka 78. Hakuwahi kutunukiwa Tuzo ya Nobel, licha ya jina lake kupendekezwa.

Kazi yake haikuzikwa naye. Mrija wa kupimia kasi ya hewa ungali unabeba jina lake, na vilevile namba inayolinganisha mwendo wa joto na mwendo wa mnato. Watafiti wa uzamifu wanaotumia kompyuta kuiga mtiririko wa damu mishipani, mafuta ndani ya miamba au chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu, bado wanalazimika kujiuliza swali lake: ni nini kinachotokea pale kando, katika tabaka jembamba ambalo jicho hulipuuza?

Wahenga walisema kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Prandtl ni kwamba aliiunganisha hisabati na karakana, akawalea vijana walioenea duniani kote bila kuwabania sifa. Deni lake ni kwamba aliwatazama baadhi ya vijana hao wakisukumwa nje ya nchi, akaandika barua moja hapa na nyingine pale, kisha akarejea kwenye mitambo yake huku fedha zikiendelea kuingia. Anayesoma maisha yake hana budi kuyabeba yote mawili.